BISKUTI YA KUTAFUNA: Namna ya Kuoka Biskuti Laini za Tangawizi na Sukari Guru

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliijua hasa Desemba iliyopita, shangazi yangu alipokuja nyumbani kutoka Marekani anakofanya kazi. Alileta mkebe wa bati, na ndani yake mlikuwa na biskuti za rangi ya kahawia, zilizopasukapasuka juu kama udongo wakati wa kiangazi. Sisi watoto tulitarajia chokoleti, kwa hivyo tulizitazama bila hamu. Lakini aliyepona siku hiyo hakuwa mmoja wetu. Alikuwa nyanya.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu, amebaki na meno manne, mawili juu na mawili chini, na ubaya ni kwamba hayakutani. Biskuti za dukani yeye huzichovya kwenye chai ndipo azile. Akichovya kidogo bado ni ngumu, akichovya zaidi zinakatika na kuzama kikombeni, kisha inabidi azisake kwa kijiko. Siku moja, wageni wakiwapo, alivua kipande namna hiyo. Watu wakacheka, naye akacheka pia. Lakini tangu siku hiyo, kila akiletewa biskuti mbele ya watu husema ameshiba. Mimi ambaye nimelala nyumba moja naye miaka mingi nilijua hajashiba.

Sasa siku ile ya mkebe, Kukhu alichukua biskuti moja akajaribu kuikata. Haikukatika, ilipinda. Akaitia mdomoni akaitafuna polepole kwa ufizi, macho amefumba. Sote tulinyamaza. Alipomeza alisema, "Hii inatafunika. Nimechoka kunywa biskuti."

Mkebe ulikwisha kwa siku tatu. Januari shangazi akarudi kazini. Kukhu aliniuliza mara moja tu, "Zile za mkebe zilikwisha zote?" Nilipomwambia ndiyo, hakuuliza tena. Swali hilo ndilo lililonipeleka jikoni, na ndilo lililozaa makala haya.

BISKUTI HIZI ZILITOKA WAPI?

Nilimpigia shangazi simu. Akaniambia kwamba huko aliko huitwa biskuti za molasi. Ndani mna unga wa ngano, siagi, yai, tangawizi, mdalasini, karafuu na molasi. "Siri iko kwa molasi," alisema. "Bila hiyo utapata biskuti za kawaida tu."

Molasi ni nini? Sisi wa kaunti ya Kakamega tumezungukwa na miwa, kwa hivyo si haki tusijue. Miwa ikifika kiwandani hupondwa, na maji yake huchemshwa hadi yawe mazito na chembe za sukari zianze kujiunda ndani yake. Halafu mashine inayozunguka kwa kasi hutenganisha chembe hizo na uji mweusi unaonata. Chembe ndizo sukari tunayotia kwenye chai. Ule uji mweusi uliobaki ndio molasi. Hapa Kenya kiwanda cha kwanza cha sukari kilianzishwa Miwani mwaka wa 1922, kikafuatwa na vya Muhoroni mwaka wa 1966, Chemelil mwaka wa 1968 na Mumias mwaka wa 1973.

Hapo nilijiuliza: Wamarekani wa upande wa baridi, ambako miwa haikui, walipata wapi molasi hadi ikaingia kwenye biskuti zao? Kumbe jibu lilikuwa katika daftari langu la Historia la kidato cha pili, ile mada ya biashara ya pembetatu. Miwa ililimwa katika visiwa vya Karibi na watu waliotekwa Afrika wakafanywa watumwa. Sukari ilipelekwa Ulaya ikauzwa kwa bei ghali. Molasi, ambayo ilikuwa rahisi, ilitiwa katika mapipa ikasafirishwa hadi bandari za kaskazini kama Boston. Huko nyingine ilitengenezwa pombe iitwayo ramu, na sehemu ya ramu hiyo ilirudishwa Afrika kununulia watumwa wengine. Molasi nyingine iliingia jikoni, kwa sababu mtu wa kawaida hakumudu bei ya sukari nyeupe. Mwaka wa 1733 Uingereza ilitoza ushuru molasi iliyotoka visiwa visivyokuwa vyake, na ugomvi wa ushuru wa namna hii ni mojawapo ya mambo yaliyowafanya Wamarekani wapiganie uhuru wao. Kwa hivyo, msomaji, biskuti hii ni tamu, lakini historia yake ina uchungu, na uchungu huo tunauhusu sisi Waafrika.

Jambo lingine nililosoma ni hili. Tarehe 15 Januari 1919, tangi kubwa mno la molasi lilipasuka mjini Boston. Molasi ilifurika mitaani kama mto, ikabomoa nyumba na kuua watu 21. Nilipomweleza Kukhu habari hiyo nilidhani atashangaa. Alitikisa kichwa tu akasema, "Sukari ikiwa majimaji haina adabu. Hukumbuka mkono wa babu yako?" Marehemu babu alikuwa mchemshaji katika kinu cha sukari guru, na mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu tangu kiwikoni hadi kwenye kiganja.

MOLASI YA NG'OMBE

Jumamosi moja nilichukua chupa tupu ya jemu nikaenda sokoni kutafuta molasi. Niliipata kwenye duka la dawa za mifugo, ndani ya pipa lililokuwa nje mlangoni. Mwenye duka akaniuliza, "Ng'ombe wenu ni wangapi?" Nikamwambia si ya ng'ombe, ni ya biskuti. Aliweka mikono kiunoni akanitazama kama mtu aliyepotea. Kisha akanieleza kwa upole kwamba hiyo huchanganywa na nyasi kavu ili ng'ombe wale kwa hamu, na kwamba haikutengenezwa wala kuhifadhiwa kwa usafi wa chakula cha binadamu. Namshukuru hadi leo. Angetaka pesa tu, angeniuzia.

Nilirudi nyumbani nimenuna, chupa yangu mkononi ikiwa tupu. Kukhu alikuwa anapepeta maharagwe. Akauliza nina nini, nikamweleza. Alicheka hadi nikayaona meno yote manne.

"Molasi unaitafutia nini sokoni na sukari nguru iko ndani ya kabati? Molasi haijatoka humo, imo!"

Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sukari guru, au sukari nguru kama tunavyosema nyumbani, hutengenezwa kwa kukamua miwa na kuchemsha maji yake ndani ya karai kubwa, moto ukichochewa kwa makapi yaleyale ya miwa. Yakishakuwa mazito humwagwa kwenye vyombo yakaganda. Hakuna mashine ya kutenganisha chochote. Sukari na molasi yake huganda pamoja, na ndiyo sababu sukari guru ni ya kahawia na ina harufu yake. Nilikuwa natafuta nje kitu kilichowahi kumlisha baba yangu na ndugu zake wote.

NILIVYOSHINDWA MARA MBILI

Sitaki mdhani nilifaulu mara moja. Mara ya kwanza nilitupia vipande vya sukari guru ndani ya unga vikiwa vizimavizima, nikaoka dakika 25. Kila nikifunua nilikuta biskuti bado zinabonyea, nikasema hazijaiva, nikafunika tena. Nilizitoa zilipokuwa zimeshikana vizuri. Zilipopoa, kaka yangu alichukua moja akaigonga mezani. Ikalia ko! ko!

"Hii ni biskuti ama ni kokoto?" akauliza. Kukhu hakuigusa. Alisema ameshiba.

Mara ya pili nilijaza makaa chini ya sufuria ili ziive haraka. Haraka haraka haina baraka. Chini ziliungua zikawa nyeusi ti, juu zilikuwa mbichi kama ugali wa mtu mvivu. Mama aliporudi kutoka kazini alifungua kopo la margarini, akaona limebaki chini kidogo.

"Hii ilikuwa ya wiki nzima," alisema. "Ndugu zako watapaka nini kwa mkate?"

Hakunipiga wala kunitusi, na hilo ndilo lililoniuma kushinda kiboko. Niliahidi kwamba jaribio la tatu litakuwa kwa pesa zangu mwenyewe. Nilimlimia jirani shamba lake la sukuma wiki Jumamosi mbili.

KWA NINI BISKUTI NYINGINE HUVUNJIKA NA NYINGINE HUPINDA?

Kabla ya kupoteza unga tena, niliamua kumwuliza mwalimu wetu wa Kemia. Alinieleza hivi. Sukari nyeupe karibu yote ni aina moja, inayoitwa sukrosi. Ikiyeyuka katika joto kisha ipoe, chembe zake hupenda kujipanga tena kuwa fuwele ngumu. Biskuti yenye sukari nyeupe tupu, tena iliyokaushwa sana motoni, hukauka na kuvunjika ko. Molasi ina sukari za aina nyingine pia, glukosi na fruktosi. Hizi huwaharibia sukrosi mpango wake wa kujipanga. Isitoshe, hushikilia maji, na hata huyavuta kutoka hewani. Maji yakibaki ndani, biskuti hubaki laini ya kutafunika.

Faida moja ya kusoma shule ya kutwa ni kwamba anachofundisha mwalimu saa nne asubuhi, jioni unaweza kukijaribu jikoni kwenu. Nilitia sukari nyeupe kwenye kisosi kimoja na sukari guru iliyopondwa kwenye kisosi cha pili, nikaviacha dirishani usiku kucha. Ilikuwa majira ya mvua. Asubuhi sukari nyeupe ilikuwa bado inamwagika kama mchanga. Sukari guru ilikuwa imelowa na kushikana, ukiigusa inanata. Mwalimu alikuwa amesema kweli.

Fauka ya hayo, molasi ina asidi kidogo. Ikikutana na soda ya kupikia hutoa hewa ya kabonidayoksaidi. Hewa hiyo huinua biskuti, halafu zikianza kutulia uso wake hupasuka. Ile mipasuko ya kiangazi niliyoiona kwenye mkebe wa shangazi ilitokana na hiyo.

Jioni hiyo nilimweleza Kukhu somo lote, fuwele na fruktosi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Babu yako alikuwa akichukua tone la maji ya miwa kutoka karai akalidondosha ndani ya maji baridi. Likifanya kibonge kinachobonyea, anaepua. Kijana mmoja alingoja hadi yawe magumu palepale motoni, karai nzima ikawa jiwe. Kitu cha sukari huonyesha tabia yake kikishapoa. Ukiona ni kigumu motoni, umeshachelewa."

Nilitamani kujipiga kofi. Mimi nilikuwa nangoja biskuti ziwe ngumu motoni! Alichonieleza mwalimu kwa fuwele, Kukhu alikuwa anakijua tangu ujana wake, ila hakuna aliyemwuliza.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Vipimo hivi hutoa biskuti 30 hivi:

Unga wa ngano gramu 300.
Sukari guru gramu 250.
Margarini au siagi gramu 150.
Yai moja.
Maji vijiko vinne vya mezani.
Tangawizi mbichi iliyokwaruzwa, kijiko kimoja cha mezani, au ya unga, vijiko viwili vya chai.
Mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai.
Karafuu sita zilizotwangwa zikawa unga.
Soda ya kupikia kijiko kimoja na nusu cha chai. Usizidishe, biskuti zitaonja kama sabuni.
Chumvi nusu kijiko cha chai.
Sukari nyeupe kidogo ya kuviringishia, ukipenda.

Karafuu usiichezee. Ni kiungo chenye nguvu, na hizo sita zinatosha kabisa. Tukila karafuu tukumbuke ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao wamekuwa wakiilima na kuiuza ng'ambo tangu karne ya 19.

Kama huna mizani, mwombe mwenye duka akupimie. Ndivyo nilivyofanya.

KUTENGENEZA TANURI BILA TANURI

Wenye jiko la tanuri waoke katika digrii 180 za selsiasi kwa dakika 10 au 12. Sisi wengine tufanye hivi. Chukua sufuria kubwa nzito, umwage ndani mchanga mkavu safi wa kimo cha vidole viwili. Weka juu ya mchanga vijiwe vitatu vya kushikilia sahani ya bati. Funika kwa kifuniko bapa cha bati kisicho na mshikio wa plastiki. Weka kwenye jiko la makaa, na juu ya kifuniko uweke makaa mengine yanayowaka. Makaa ya juu yawe mengi kushinda ya chini, kwa maana moto wa chini ndio uliounguza biskuti zangu.

Acha sufuria ipate joto dakika 20. Kujua kama iko tayari, weka ndani kipande cha karatasi nyeupe ya daftari, ufunike dakika tano. Kikigeuka rangi ya chai ya maziwa, endelea. Kikiwa cheusi, punguza makaa. Kikibaki cheupe, ongeza.

UTARATIBU WA KUOKA

Kwanza, ponda sukari guru. Iweke kwenye sufuria ndogo pamoja na maji, juu ya moto mdogo, ukikoroga hadi iyeyuke yote. Isiachwe ichemke kwa muda mrefu, itakuwa peremende. Ichuje kwa kitambaa safi. Usiruke hatua hii! Mimi katika kuchuja nilipata vipande vya makapi ya miwa na siafu mmoja.

Pili, tia margarini ndani ya maji hayo ya sukari yakiwa bado ya moto, iyeyukie humo. Acha mchanganyiko upoe hadi uweze kutia kidole bila kuungua. Ukitia yai kabla haujapoa, yai litaiva na utakuwa umepika supu ya ajabu.

Tatu, tia yai na tangawizi, ukoroge vizuri.

Nne, chekecha unga pamoja na soda, chumvi, mdalasini na karafuu. Mimina unga kwenye mchanganyiko kidogokidogo ukikoroga kwa mwiko. Ukishachanganyika, wacha. Ukiukanda kama wa chapati, biskuti zitakuwa ngumu. Donge litakuwa laini na la kunata, usiogope wala usiongeze unga.

Tano, funika donge, uweke chombo chake ndani ya karai la maji baridi kwa muda wa saa moja na nusu. Unga utakunywa maji, mafuta yatashikana, na donge litakubali kufinyangwa. Wakati huo unaweza kufanya hesabu zako za nyumbani.

Sita, paka mikono mafuta kidogo, ufinyange vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo. Viringisha kila kimoja katika sukari nyeupe. Panga kwenye sahani uliyoipaka mafuta ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine, kwa sababu vitatambaa. Usivibonyeze, vitajibonyeza vyenyewe.

Saba, weka sahani ndani ya sufuria, funika, uoke dakika 12 hadi 15. Angalia kingo, usiangalie katikati. Kingo zikiwa zimeshika, juu pamepasuka na katikati bado panabonyea ukipagusa, toa. Moyo wako utakuambia ni mbichi. Usiusikilize. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini kwa biskuti hizi ukisubiri zaidi utavuta kokoto.

Nane, ziache dakika tano juu ya sahani yake. Katika dakika hizo huendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Halafu zihamishie kwenye ungo safi zipoe. Zikishapoa kabisa, zitie kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana. Ukiweka humo kipande cha mkate, mkate utakauka nazo biskuti zitabaki laini.

TAHADHARI

Mambo mawili si ya mzaha. La kwanza, jiko la makaa hutoa hewa ya kabonimonoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki, nayo huua. Oka nje au mahali palipo na mlango na madirisha wazi, na kamwe usiliingize jiko chumbani kwa ajili ya kupata joto ukimaliza.

La pili, kuna watu wanaosema sukari guru si sukari, ati mgonjwa wa kisukari anaweza kuila apendavyo. Huo ni uongo. Kwa vipimo nilivyotoa, kila biskuti ina karibu gramu nane za sukari guru, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Mwenye kisukari amwulize daktari wake kwanza. Kukhu hana ugonjwa huo, lakini hata yeye tumekubaliana ni mbili kwa siku.

JARIBIO LA TATU

Jumamosi ya tatu niliwasha jiko uani. Kukhu alileta kigoda chake akaketi karibu, akasema anaota jua. Niliweka sahani, nikafunika, nikaanza kuhesabu dakika. Zilipofika 12 nilifunua. Harufu ya tangawizi ilitoka hadi kaka yangu akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba. Biskuti zilikuwa zimetambaa na kupasuka juu, lakini katikati zilikuwa zinatetemeka.

"Toa," Kukhu akasema.

"Bado ni mbichi, Kukhu."

"Toa, nimesema. Mimi ni mke wa mchemshaji."

Nikatoa. Tulizingoja zipoe, na katika maisha yangu sijawahi kuona muda mrefu kama ule, hata siku ya kungoja matokeo ya mtihani. Kisha Kukhu alichukua moja, akaishika kwa mikono miwili akaikunja. Ilipinda. Akaitafuna polepole akiwa amefumba macho, kama siku ile ya mkebe.

Hakusema ni tamu. Alisema, "Karafuu ni nyingi kidogo," akachukua ya pili. Nilikuwa nimetia karafuu kumi, na hiyo ndiyo sababu nawaambia sita.

Jioni hiyo majirani walikuja kumtazama mama, chai ikaandaliwa. Mama alipitisha sahani ya biskuti. Ilipofika kwa Kukhu nilishikilia roho, nikingoja aseme ameshiba. Alinyoosha mkono akachukua moja, akaitafuna mbele ya watu wote bila kuichovya, huku akiendelea na hadithi yake. Mgeni mmoja aliuliza biskuti hizi zinauzwa duka gani. Mama alinitazama, na habari ya kopo la margarini ikawa imekwisha.

Wenzangu darasani walipopata habari walinitania ati mvulana wa jikoni. Niliwaletea sita siku ya mkutano wa chama chetu. Waliomaliza kula ndio hao walioniomba niandike utaratibu huu jaridani. Jaribu nawe, msomaji. Lakini kabla hujawasha jiko, mwulize nyanya yako anachokijua. Huenda unatafuta sokoni kilichomo kabatini.